Tangi la Ziada: Fizikia ya Dizeli Katika Pikapu ya Safari Ndefu

Umbali ambao gari linaweza kwenda bila kuongezwa mafuta hutegemea mambo mawili, yaani kiasi cha mafuta kilichomo tangini na kiasi ambacho injini hukitumia kwa kila kilometa, na kwa kuwa ni vigumu kuibadili injini, mwenye pikapu ya dizeli anayetaka kwenda mbali zaidi kwa kawaida huanza kwa kulifikiria tangi. Katika wilaya ya Temeke, ambako Barabara ya Kilwa hupita Mtoni na Mbagala kuelekea mikoa ya kusini, kazi ya kutengeneza tangi la ziada huchukuliwa kuwa ya bati, vipimo na kuchomelea. Ukweli ni kwamba kuongeza lita ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hiyo. Uzito hauna budi kukaa mahali pake, mafuta yasisukwesukwe ovyo, tangi lipumue, na dizeli ifike kwenye nozeli ikiwa haina maji wala uchafu.

Sababu za kutaka tangi kubwa si umbali peke yake. Mafuta yanayoingia nchini hushushwa katika bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, na Kurasini, jirani kabisa na Mtoni, lipo gati maalumu la meli za mafuta. Bei kikomo zinazotangazwa kila mwezi na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, huzingatia gharama ya kuyasafirisha mafuta hayo hadi kila wilaya, kwa hiyo lita moja huuzwa kwa bei nafuu zaidi karibu na bandari kuliko Kigoma au Bukoba. Sababu nyingine ni ubora. Uchakachuaji, yaani kuchanganya dizeli na mafuta ya taa ambayo wakati huo yalitozwa ushuru mdogo, ulienea kiasi kwamba mwaka 2010 ulianzishwa mpango wa kuyatia mafuta kinasaba, ambacho ni kemikali ya utambulisho inayofichua mchanganyiko huo, na bajeti ya mwaka 2011/12 ikaupandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya udanganyifu ipungue. Dereva anayeijua dizeli aliyoijaza mjini ana sababu ya kutaka kusafiri nayo hadi mwisho wa safari.

Hata hivyo, mafuta yanayobebwa na gari nayo hula mafuta, na historia ya barabara ya kwenda Zambia inalionyesha hilo kwa kiwango kikubwa. Baada ya serikali ya walowezi ya Rhodesia kujitangazia uhuru wake mnamo Novemba 1965, njia ya kusini ya kuipatia Zambia mafuta ilifungwa, na malori yakaanza kubeba mapipa kutoka Dar es Salaam kupitia barabara ya vumbi na tope ambayo ubaya wake uliipatia jina la njia ya jehanamu. Lori linalotumia lita 40 kwa kila kilometa 100 huteketeza zaidi ya lita 700 kwa kwenda na kurudi kati ya Dar es Salaam na Tunduma, safari ya takriban kilometa 930 kwa upande mmoja, na hapo bado Lusaka na Ukanda wa Shaba viko mbali. Bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilometa 1,710 hadi Ndola, lilipokamilika mwaka 1968, liliondoa sehemu kubwa ya gharama hiyo kwa sababu bomba halihitaji kurudi likiwa tupu.

Katika pikapu, gharama ya namna hiyo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Lita moja ya dizeli ina uzito wa kilo 0.84 hivi na hubeba nishati ya takriban megajuli 36, sawa na uniti 10 za umeme. Toyota Hilux ya kisasa yenye tangi la lita 80, ikiwa inakwenda kilometa 10 kwa lita, hufika kilometa 800 kwa hesabu, ingawa dereva mwangalifu hatazidisha 700 kabla ya kutafuta kituo. Tangi la ziada la lita 60 huongeza kilo 50 za mafuta, na zikijumlishwa na uzito wa chuma chake jumla hufika kilo 70 hivi. Kwenye lami, ukinzani wa matairi, yaani nguvu inayopotea tairi linapobonyea na kurudi katika umbo lake, huwa karibu asilimia 1.2 ya uzito wa gari, hivyo kilo hizo 70 huongeza matumizi kwa lita 0.07 tu katika kilometa 100 kwa injini inayogeuza asilimia 35 ya nishati kuwa mwendo. Kuzipandisha kutoka usawa wa bahari hadi Mbeya, mwinuko wa mita 1,700 hivi, hakuzidi lita 0.1. Kwenye mchanga mzito ukinzani wa matairi waweza kuwa mara kumi zaidi, lakini hata hapo lita 60 hulipa gharama yake mara nyingi.

Kinacholeta taabu zaidi ni mahali uzito huo unapowekwa. Tangi likifungwa nyuma ya ekseli ya nyuma hufanya kazi kama mzigo ulioning'inizwa kwenye ncha ya wenzo, kwa kuwa hukandamiza springi za nyuma na wakati huohuo huyanyanyua magurudumu ya mbele ambayo ndiyo yanayokata kona na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya breki. Kilo 120 zilizowekwa mita moja nyuma ya ekseli, katika gari ambalo ekseli zake mbili zimeachana kwa mita 3.1, huondoa karibu kilo 39 kwenye magurudumu ya mbele na kuzihamishia nyuma, ambako mzigo sasa huwa kilo 159. Uzito uleule ukilazwa kati ya ekseli mbili, kando ya chesisi na chini iwezekanavyo, hugawanyika pande zote na kuushusha kitovu cha uzito. Mwenye gari analazimika kuipiga hesabu hii mwenyewe, kwa sababu sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inayosimamia uzito wa magari kwenye mizani huyahusu magari yanayozidi kilo 3,500, na pikapu nyingi ziko chini ya kiwango hicho.

Tofauti na mifuko ya saruji, dizeli haitulii. Gari likipunguza mwendo ghafla kwa nusu ya nguvu ya uvutano, uso wa mafuta huinama kwa takriban nyuzi 27, na katika tangi refu lililobakiwa na mafuta kidogo mdomo wa bomba la kufyonzea hubaki wazi. Injini hufyonza hewa, na hewa hiyo hubonyea badala ya kusukuma, hivyo nozeli hukosa mgandamizo zinaouhitaji. Ndiyo maana tangi zuri hugawanywa kwa kuta za ndani zenye matundu, ambazo hupunguza kasi ya mawimbi bila kuzuia mafuta kupita, na mdomo wa kufyonzea huwekwa ndani ya kibakuli kidogo kinachobaki kimejaa hata gari linapopanda mlima Kitonga au kulala upande.

Kupumua nako ni sharti. Kila lita ya dizeli inayotoka haina budi kufuatwa na lita ya hewa, na bomba jembamba la pumulio likizibwa na tope, mgandamizo ndani ya tangi hushuka. Ukipungua kwa sehemu moja ya kumi tu ya mgandamizo wa hewa ya kawaida, ukuta wenye nusu mita ya mraba husukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa karibu kilo 500, kiasi cha kulibonyeza bati. Dizeli pia hutanuka kwa takriban sehemu 0.0008 ya ujazo wake kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo lita 140 zikipata joto la nyuzi 30 zaidi huongezeka kwa lita 3.4, na ni lazima nafasi hiyo iachwe wakati wa kujaza.

Joto hilo hutoka kwenye injini yenyewe. Pampu ya dizeli husukuma mafuta mengi kuliko yanayochomwa, na yanayobaki, ambayo yamekwisha kupata joto kwa kupoza na kulainisha vipuri, hurudi tangini kwa bomba la pili. Tangi kubwa lina faida hapa, kwa kuwa joto husambaa katika mafuta mengi. Lakini gari linapokuwa na matangi mawili, vali ya kubadilisha tangi inapaswa kuugeuza mkondo wa kwenda na wa kurudi kwa pamoja. Ikiugeuza wa kwenda peke yake, injini itafyonza kutoka tangi moja na kurudisha katika jingine, mpaka hilo jingine lifurike barabarani huku la kwanza likikauka.

Adui wa polepole ni maji. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye unyevu kamili, kwa joto la nyuzi 30, hubeba gramu 30 hivi za mvuke, kwa hiyo nafasi tupu ya lita 100 hubeba takriban gramu 3, na usiku wenye baridi ya kawaida hudondosha gramu moja au pungufu. Kiasi hicho ni kidogo, ila hujirudia kila siku katika gari linaloegeshwa karibu na pwani likiwa nusu tangi, na maji, kwa kuwa ni mazito kuliko dizeli, hukusanyika sakafuni. Mahali yanapokutana na mafuta huota bakteria na kuvu, ambao hutoa utando unaoziba chujio na asidi inayotafuna chuma. Dawa yake ni tangi kulazwa likiwa limejaa, sakafu yake kuwa na kizibo cha kumwagia mashapo, na chujio la kutenganisha maji kuwekwa kabla ya pampu. Bati la mabati halifai kabisa, kwa kuwa zinki huungana na asidi za dizeli na kuunda chumvi zinazoganda kwenye nozeli. Alumini, chuma kisichoshika kutu au plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa ajili ya kuhifadhi mafuta ndivyo vinavyofaa.

Upo pia usalama wa fundi. Dizeli haitoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 55, tofauti na petroli, ambayo hutoa mvuke huo hata kwenye baridi kali na ambayo mwezi Agosti 2019 iliua zaidi ya watu 100 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka. Tofauti hiyo huwadanganya wachomeleaji, kwa kuwa mabaki ya dizeli katika tangi kuukuu yakipashwa na moto wa kuchomelea hupita kiwango hicho kwa sekunde chache, na tangi lililofungwa hulipuka. Tangi jipya huchomelewa kabla halijaonja mafuta, kisha hukaguliwa kwa hewa ya mgandamizo mdogo na povu la sabuni.

Hesabu zote hizi huelekeza kwenye uamuzi wa matumizi. Mkaguzi wa visima, mtafiti au mwongoza watalii anayekaa siku kadhaa ndani ya Katavi au Ruaha ana haja halisi ya lita nyingi, na kwa ajili yake baadhi ya Land Cruiser 78 hutoka kiwandani zikiwa na matangi mawili ya lita 90 kila moja. Msafiri wa lami hadi Tunduma au Mtwara hukuta vituo katika miji ya njiani, na kwake mwendo ndio unaoamua. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi, hivyo pikapu inayoshuka kutoka kilometa 110 kwa saa hadi 80 hupunguza ukinzani huo kwa karibu nusu, na jumla ya nguvu zote zinazoipinga kwa takriban theluthi moja. Hata akiba ya matumizi ikiishia kwenye moja ya tano tu, tangi la lita 80 hufika umbali ambao lingeufikia lau lingekuwa na lita 100, bila kuchomelea chochote.