Uji wa Asubuhi wenye Matunda na Viungo

Katika mtaa wa Umoja, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, taa za nyumba nyingi huwashwa kabla ya alfajiri. Mzazi ataka kuwahi matatu kabla barabara haijajaa magari, na watoto wajitayarisha kwenda shule. Katika haraka hiyo kifungua kinywa mara nyingi huwa chai yenye sukari nyingi na kipande cha mkate mweupe, au mandazi mawili. Tumbo hujaa, lakini si kwa muda mrefu. Hata kabla ya saa nne mtoto amekwisha kuona njaa, na akili yake imeuacha ubao wa mwalimu na kuingojea kengele ya mapumziko.

Dawa ya jambo hili ni ya zamani, nayo ni uji. Nyumba za kwanza za Umoja zilijengwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo uliopatikana kwa msaada wa Marekani, na watu waliokuja kukaa humo walitoka pande nyingi za nchi. Kila jamaa walikuja na uji wao: wengine wa wimbi, wengine wa mtama, wengine wa mahindi. Siku hizi umeongezeka uji mwingine, yaani uji wa oti, ambao huuzwa madukani ukiwa ndani ya pakiti au mikebe.

Oti ni nini?

Oti ni nafaka ya nchi za baridi. Watu wengine huiita shayiri, lakini shayiri hasa ni nafaka nyingine, ile itumikayo sana katika kutengeneza bia. Huko Uskoti watu wamekula uji wa oti kwa karne nyingi, hali majirani zao wa Uingereza waliwapa farasi nafaka hiyo. Katika Kenya wafugaji wa nyanda za juu hupanda oti ili ng'ombe wapate majani ya kula. Basi asidhani mtu kwamba chakula hiki ni cha matajiri tu.

Faida yake kubwa imo katika ule ute unaoonekana uji unapopoa. Ute huo, uitwao beta-glukani, hufanya chakula kishuke tumboni polepole, na sukari iingie katika damu kidogo kidogo. Kwa sababu hiyo mlaji hakai na njaa upesi. Tena umethibitishwa kupunguza mafuta mabaya katika damu, na mwaka 1997 serikali ya Marekani iliwaruhusu wenye viwanda kuitaja faida hiyo juu ya pakiti. Kiasi kinachohitajiwa kwa siku ni gramu 3 za beta-glukani, nazo hupatikana katika bakuli kubwa moja au mawili ya uji.

Namna ya kuupika

Kwa watu wanne, yatakiwa oti iliyopondwa bapa vikombe 2, maji safi vikombe 4, maziwa kikombe 1, iliki punje 3, kipande cha mdalasini chenye urefu wa kidole, chumvi kidogo sana, ndizi mbivu 2, na papai au embe.

Kwanza, iliki ipasuliwe, kisha itiwe pamoja na mdalasini katika sufuria ya maji, yakachemke kwa dakika 3. Viungo vikitangulia hivyo, harufu yake huingia katika maji yote. Pili, oti imiminwe huku maji yakikorogwa kwa mwiko, na moto upunguzwe. Baada ya dakika 5 hadi 10 uji utakuwa mzito. Tatu, yatiwe maziwa na chumvi, uchemke tena, kisha sufuria iepuliwe na mdalasini utolewe.

Ndizi zipondwe kwa uma na kuchanganywa katika uji ungali moto. Hizo ndizo sukari yake, na kadiri zilivyoiva ndivyo utamu unavyozidi. Lakini papai, embe au pasheni visipikwe kamwe. Vikatwe na kuwekwa juu ya uji ukiwa bakulini, kwa maana vitamini C huharibika kwa moto.

Mpango huo una sababu. Nafaka zina madini ya chuma, ambayo mwili huyahitaji ili kutengeneza damu, lakini madini hayo yamefungwa ndani ya nafaka hata mwili hauyapati kwa urahisi. Vitamini C ya matunda huyafungua. Chai, kinyume chake, huyazuia. Kwa hiyo yafaa chai isinywewe pamoja na uji, bali baadaye, saa moja au zaidi ikiisha kupita.

Kama pesa hazitoshi

Si kila nyumba iwezayo kununua oti kila juma. Asivunjike moyo mwenye pesa kidogo, kwa kuwa wimbi halishindwi. Wimbi lina kalisi nyingi kuliko nafaka zilizo nyingi, na kalisi ndiyo ijengayo mifupa na meno ya watoto. Unga wake ukorogwe kwanza katika maji baridi usifanye madonge, kisha umiminwe katika maji yanayochemka yenye viungo vile vile. Desturi ya wazee ya kuuacha unga uchachuke kabla ya kupikwa ni desturi ya hekima, maana uchachu huo nao huyafungua madini ya chuma.

Matunda yanunuliwe kwa mama mboga kwa kufuata majira. Ndizi zilizoanza kuwa na madoadoa meusi mara nyingi huuzwa kwa bei nafuu, nazo ndizo bora kwa kazi hii. Mwenye kutaka kuokoa gesi au makaa aweza kuiloweka oti usiku katika maji safi na kuifunika; asubuhi itaiva upesi, ila ni lazima ichemke vizuri. Isilowekwe katika maziwa mahali pasipo na jokofu, kwa kuwa yataharibika.

Mambo ya kuangalia

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu ambayo mtu huipata katika chakula cha siku. Kwa mtu mzima hiyo ni gramu 50 hivi, yaani vijiko 12 vya chai, na ikiwa nusu yake ni bora zaidi. Anayetia vijiko vinne katika kikombe cha asubuhi amekwisha kula theluthi nzima kabla ya kutoka mlangoni.

Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo, kwa sababu yaweza kumletea ugonjwa wa hatari. Watoto wadogo wasipewe karanga nzima juu ya uji, wasije wakapaliwa, zisagwe kwanza.

Kazi yote haichukui muda mrefu. Mwenye kuamka mapema kwa muda huo tu atakuwa amempeleka mtoto wake shule akiwa na nguvu ya kusikiliza somo mpaka mwisho.