Hofu inapotugandisha: namna ubongo unavyojifunza kujitoa



Hapa Fizi na Baraka wengi wetu tunaijua hali hii: mlango unagongwa usiku, mwili unaganda. Miguu inakataa, sauti haitoki. Baadaye watu wanauliza: «Mbona hukukimbia? Mbona hukupiga kelele?» Swali hilo linawaumiza hasa akina mama na mabinti waliobakwa. Kuganda si kosa, wala si kukubali. Ni kazi ya ubongo.

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala. Mwaka 2000, Joseph LeDoux na wenzake wa New York walieleza uchunguzi wao juu ya panya. Panya walisikia mlio, kisha wakapigwa na umeme. Baadaye mlio peke yake uliwagandisha. Ndipo wakapewa njia: panya akihamia upande wa pili wa sanduku, mlio unanyamaza. Wakajifunza kuhama.

Habari ya hatari huingia kwanza sehemu ya kando ya amigdala. Kutoka hapo kuna njia mbili. Moja inakwenda sehemu ya kati, inayoagiza mwili kuganda. Nyingine inakwenda sehemu ya chini, inayosaidia kujifunza kujitoa. Panya aliyeharibiwa sehemu ya kati hakuganda, lakini alijifunza kuhama. Aliyeharibiwa sehemu ya chini aliganda, wala hakujifunza kuhama. Mwaka 2001 LeDoux na daktari Jack Gorman walipendekeza kwamba watu wenye hofu nao wasaidiwe kutumia njia hiyo ya pili.

Tuangalie vizuri: panya hakujifunza kwa kuambiwa «usiogope». Alitenda, na tendo lake likafaulu.

Tarehe 1 Januari 2011 wanajeshi waliwabaka wanawake mjini Fizi. Wanawake wengi walitoa ushahidi mbele ya mahakama ya kijeshi iliyoketi Baraka, na tarehe 21 Februari 2011 luteni kanali Kibibi Mutware alihukumiwa kifungo cha miaka 20. Hatusemi hofu yao iliisha siku hiyo. Tunasema walifunguliwa mlango, nao wakapita.

Basi tufanye nini?

- Tusimlaumu mtu aliyeganda.
- Tusimfungie nyumbani. Kujificha kunapunguza hofu leo, lakini kesho inarudi na nguvu.
- Achague mwenyewe tendo dogo analoliweza: leo kufika sokoni pamoja na jirani, juma lijalo kubaki huko kidogo zaidi.
- Tusimlazimishe kwenda shamba ambako watu wenye silaha bado wapo. Hofu ya hatari ya kweli inatulinda. Kazi ya viongozi ni kutafuta kwanza usalama wa njia.
- Aliyebakwa apelekwe kituo cha afya haraka, kabla ya masaa 72. Hata yakipita, aende tu.
- Asiyelala, asiyekula au anayesema anataka kufa asiachwe peke yake. Naye apelekwe kwa mganga.

Amani ya kijiji inahitaji watu wanaoweza kutoka nje tena. Tuwafungulie njia, kisha tutembee nao.