Mdudu anayelipa bima ya mti

Geuza jani la mkahawa lililoanza kuwa jeusi kama limepakwa masizi. Kando ya mshipa wa kati utakuta vidoa vya kijani, bapa, visivyotikisika hata ukivigusa kwa ukucha. Hao ni vidugamba, wamekwisha kuchomeka midomo yao ndani ya jani. Sisimizi wanaopanda na kushuka shinani hawakuja kuwala. Wamekuja kukamua.

Kidugamba hunywa utomvu unaobeba sukari ya mmea. Utomvu huo una sukari tele lakini virutubisho vya kujenga mwili ni haba, kwa hiyo hulazimika kunywa kupita kiasi ili apate hicho kidogo anachohitaji. Sukari inayozidi huitoa nyuma, tone kwa tone, tamu kama asali. Sisimizi hulamba. Matone yasiyolambwa huangukia majani, kuvu weusi wakaota juu yake. Ndiyo yale masizi. Mkulima ana kila sababu ya kumchukia mdudu huyu.

Sasa twende Amerika ya Kati, kwenye mti uitwao Cordia alliodora, ambao wenyeji huuita laurel. Ni ndugu wa mringaringa, ule unaotia kivuli kwenye vihamba vya Kilimanjaro, na huko nako hupandwa kuifunika kahawa na kakao. Ukisugua jani lake kiganjani hunuka kitunguu saumu. Jina la alliodora limetokana na harufu hiyo. Pale matawi yanapoungana, mti huvimba na kuacha uwazi ndani. Malkia wa sisimizi aina ya Azteca pittieri hutafuna tundu, akaingia, akataga. Siku ukipasua fundo kama hilo kwa kisu, sisimizi humwagika kwa hasira hadi mkononi, na kwenye kuta za chumba utawaona vidugamba wameng'ang'ania, midomo yao imezama ndani ya mti. Humo hawapigwi na jua wala mvua, na maadui wao hawawafikii kirahisi.

Migunga ya Afrika Mashariki inayofuga sisimizi ndani ya miiba yake huwatolea wapangaji hao nekta. Laurel hauna meza ya namna hiyo. Sukari ambayo mti huwapa walinzi wake hupitia kwanza tumboni mwa kidugamba, na walinzi nao hulipa kwa kuwashambulia viwavi na wadudu wengine wanaokula majani.

Mwaka 2013 mtafiti Elizabeth Pringle na wenzake walichapisha katika jarida la PLoS Biology matokeo kutoka maeneo 26, kati ya Mexico na Costa Rica, kuanzia kwenye ukame hadi kwenye mvua nyingi. Mti wenye kiu, mtu angesema, utabana matumizi na kuwapunguzia wapangaji posho. Haikuwa hivyo. Kadiri mvua ilivyopungua, ndivyo mti ulivyotoa sukari zaidi kwa sisimizi kupitia vidugamba, na sisimizi nao wakaulinda kwa ukali zaidi.

Sababu iko kwenye akiba. Mti unaokosa maji hufunga vitundu vya majani ili usipoteze unyevu. Vikifungwa, hewa ya ukaa haiingii, na bila hewa hiyo hakuna sukari inayotengenezwa. Kiangazi kinapokuwa kirefu majani hupukutika, mti ukaishi kwa kula wanga uliouweka wakati wa mvua. Sasa viwavi wayamalize majani katikati ya msimu mfupi wa mvua: mti utaingia kiangazi ghala likiwa tupu, na huenda usitoke. Penye mvua nyingi majani huota tena na hasara hufidika. Sukari wanayopewa sisimizi ni kama mchango wa bima ya afya. Tajiri akilazwa bila bima hulipa bili akarudi kazini. Mwenye kipato kidogo huuza ng'ombe, kisha shamba. Kwa hiyo mchango unaomuuma zaidi ndio unaomfaa zaidi. Mti haukai chini kupiga hesabu hiyo, bila shaka, lakini matokeo ni hayo hayo.

Je, hayo yanamsafisha kidugamba wa kwenye kahawa? Kidogo sana. Huko Chiapas, Mexico, Ivette Perfecto na John Vandermeer wamechunguza kwa miaka mingi sisimizi wengine wa jamii ya Azteca wanaochunga vidugamba wa kijani kwenye mikahawa, na wameonyesha kwamba sisimizi hao humsumbua pia ruhuka, yule mbawakawa mdogo anayetoboa buni. Ila mkahawa haukujenga vyumba, na mlinzi wake anachunga mifugo yake kwanza. Ukanda wenye gundi ukifungwa shinani, sisimizi hawapandi tena. Hapo ndipo nyigu wadogo na mbawakawa wenye madoadoa huwafikia vidugamba na kuanza kuwamaliza.