Mlonge Unalinda Ini? Soma Kabla Hujabandika Lebo

Vijana mnaosindika unga wa mlonge mnauliza kama mnaweza kuandika kwenye pakiti "hulinda ini lisiharibiwe na dawa". Jibu fupi: msiandike.

Tuanze na ini lenyewe. Ukimeza parasetamoli, ini linaivunja na sehemu ndogo inageuka sumu. Ini lina akiba ya glutathioni inayoizima sumu hiyo. Ukizidisha dozi, akiba inaisha na seli za ini zinakufa. Ndiyo maana mtu mzima hatakiwi kuvuka vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Dawa za TB kama isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi nazo huumiza ini la baadhi ya wagonjwa.

Mlonge umeingiaje hapo? Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa panya waliopewa dawa za TB pamoja na dondoo la majani ya mlonge waliumia ini kidogo kuliko waliopewa dawa peke yake. Inatia moyo, ila hao ni panya, na lile ni dondoo lililopimwa maabara, siyo kijiko cha unga kwenye uji.

Sasa fikiria mgonjwa wa TB anayeamini lebo yako. Macho yanakuwa ya njano, mkojo unakuwa kama chai ya rangi, yeye anaongeza mlonge badala ya kuwahi kituo cha afya. Anaweza kufa. Na "asili" siyo lazima iwe salama: vidonge vya dondoo la chai ya kijani vimeshaumiza ini za watu nje ya nchi.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Uza mlonge kama chakula, na fuata taratibu za TBS. Madai ya tiba yana sheria yake, ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002, na Baraza lake.
2. Panda bonde la Ziwa Rukwa. Mlonge unapenda joto, baridi ya huku juu Ufipa inaudumaza.
3. Kausha majani kivulini mpaka yavunjike ukiyafikicha, kisha funga kwenye pakiti isiyopitisha unyevu. Unga wenye unyevu huota ukungu, na ukungu unaweza kuleta sumukuvu, ambayo inashambulia ini hilohilo.

Mwenye swali aulize.