Je, Wajua? Pampu ya Pumu na Kimo cha Mtoto

Wapo wazazi wanaoiacha pampu ya pumu kabatini wakihofia itamdumaza mtoto. Hofu hiyo ina chembe ya ukweli, na chembe yenyewe imepimwa. Huko Marekani na Kanada, watoto 1,041 wa miaka 5 hadi 12 waligawanywa makundi: wengine walivuta kila siku budesonidi, dawa ya steroidi ya kudhibiti pumu, wengine nedokromili, dawa ya pumu isiyo ya steroidi, wengine dawa bandia, kwa miaka 4 hadi 6. Wengi wao walipimwa tena ukubwani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kuwa waliovuta budesonidi walipungukiwa, kwa wastani, sentimita 1.2 tu dhidi ya wale wa dawa bandia. Pengo hilo lilijitokeza miaka ya mwanzo ya tiba, halafu halikuongezeka.

Pumu kali isiyodhibitiwa nayo huchelewesha ukuaji na balehe, na huweza kuua. Ndiyo maana daktari hutafuta dozi ndogo kabisa inayotosha, na humpima mtoto kimo kliniki. Baada ya kuvuta, mtoto asukutue maji na kuyatema, asije akaota utando mweupe mdomoni.