Vilima vya Pemba na swali la "wewe ni nani?"

Ukipanda gari ya abiria kutoka Chake Chake kwenda Wete, hebu chungulia dirishani. Barabara inapanda, inashuka, inapinda. Juu mikarafuu, chini bondeni mpunga, kisha kilima kingine. Waarabu walikiita Al-Jazira al-Khadra, kisiwa cha kijani. Sasa jiulize: vilima hivi vinaweza kuwa na mkono katika jibu lako ukiulizwa "wewe ni nani"?

Swali hili haliihusu Pemba peke yake. Wakosaki wa Urusi waliohamia kando ya mto Terek, chini ya milima ya Kaukazi, waliishia kuvaa joho la majirani zao wa milimani, ingawa dini yao ilibaki Ukristo wa Kiorthodoksi. Kilichowabadilisha ni ujirani. Na ujirani hutegemea sana ardhi nzuri iko wapi.

Tuanze na Unguja. Kule udongo mzuri uko zaidi magharibi na katikati. Mashariki na kusini ni maweni. Karne ya 19, Waarabu kutoka Omani walianzisha mashamba makubwa ya karafuu upande wenye rutuba. Wahadimu wengi wakabaki upande wa mawe, wakivua na kulima kwa shida. Kwa hiyo mpaka wa udongo ukawa pia mpaka wa watu.

Pemba mambo yalikwenda vingine. Udongo mzuri umetawanyika vilimani, kipande huku, kipande kule, kwa hiyo shamba la Mwarabu lilipakana na la Mpemba. Kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu mingi ya Unguja, ya Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Watu wakapanda kwa wingi huku, Wapemba wenyewe wakiwemo. Watu walioswali pamoja, wakaoana na kuanika karafuu zao kungojea bei ileile, walianza kuona wana jambo moja.

Lakini usidhani ilikuwa pepo. Watumwa kutoka bara ndio waliobeba kazi nzito ya mashamba, na utumwa ulifutwa kisheria 1897 tu. Baada ya hapo wengi wao Zanzibar walianza kujiita Waswahili, na baadaye wengine Washirazi. Kumbe jina la kabila nalo huhama, kama watu.

Athari yake ilionekana kwenye siasa kabla ya Mapinduzi ya 1964. Washirazi wengi wa Pemba walikiunga mkono ZPPP, kilichoshirikiana na Hizbu, wakati Wahadimu wengi wa Unguja walikuwa na ASP. Watafiti wengi wanaitaja ardhi kama sababu mojawapo. Mojawapo, nasisitiza! Vilima havipigi kura. Dini, ukoo na mfuko vilikuwa na sauti pia. Baada ya Mapinduzi, serikali ilitaifisha ardhi na kugawa eka tatu tatu, mipaka ya mashamba ikachorwa upya.

Kwa hiyo mtu akikwambia kabila ni damu tu, mkumbushe na udongo. Na ukifika Wete, muulize mzee yeyote: shamba la babu yako lilipakana na la nani? Kisha kaa umsikilize, maana jibu lake halitakuwa fupi.