Kompyuta ya Kipande Kimoja: Namna ya Kusoma Sifa Zake Kabla ya Kuipokea Chamani

Hutokea kwamba chama cha msingi kikaahidiwa kompyuta iliyokwisha kutumika. Mtoaji huwa ni mzaliwa wa kijiji anayefanya kazi mjini, au rafiki wa chama aliye ng'ambo, na nia yake huwa ni njema. Mashine hufika ndani ya sanduku pamoja na karatasi yenye tarakimu nyingi. Wajumbe wa kamati huitazama karatasi ile, hushukuru, kisha mashine huwekwa juu ya meza ya katibu kando ya daftari la wanachama, na karatasi hutiwa jaladani. Hilo ni kosa. Karatasi hiyo inastahili kusomwa kwa makini yale yale yanayotumika kusoma mizani siku ya ununuzi, kwa kuwa ndani yake mna jibu la iwapo mashine itaweza kutunza kilo za wanachama au itazipoteza.

Makala haya yanaeleza maana ya tarakimu hizo kwa kutumia mfano wa mashine moja kongwe yenye sifa zinazojulikana vizuri, nayo ni Macintosh ya kwanza iliyotengenezwa na kampuni ya Apple ya Marekani na kuanza kuuzwa tarehe 24 Januari 1984 kwa bei ya dola 2,495. Mashine hiyo ni ya aina iitwayo kompyuta ya kipande kimoja, yaani kioo, bongo la mashine na chombo cha kusomea disketi vyote vimo katika kasha moja. Haikuwa ya kwanza ya aina hiyo. Mwaka 1977 kampuni ya Commodore ilikwisha kutoa mashine yake ya PET, yenye kioo cha inchi 9 na kinasa kaseti kilichojengwa ubavuni mwa vibonye, ambayo ilihifadhi kazi katika kaseti za kawaida zilezile za muziki.

Mwaka huo wa 1984 mashine kama hizo hazikuwa zikionekana Bariadi, ambayo wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini pasipo idhini maalumu, baada ya jaribio la kuziweka hesabu za Serikali katika kompyuta kuleta hasara. Masharti hayo yalilegezwa baadaye. Kwa upande wa ushirika, vyama vikuu vilivyovunjwa mwaka 1976 vilikuwa ndiyo kwanza vinarudi kwa nguvu ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1982. Kwa hiyo wakati Wamarekani walipokuwa wakijifunza kusukuma kipanya juu ya meza, makarani wa mizani wa Nkololo na Dutwa walikuwa wakiandika stakabadhi kwa kalamu na karatasi ya kaboni. Ikumbukwe kwamba nakala ya kaboni iliyotunzwa mahali pakavu inasomeka hata leo. Sifa hiyo haimo katika karatasi ya kompyuta yoyote ya zama zile.

Tarakimu inayotangulia katika karatasi ya sifa huwa ni ya kasi. Bongo la Macintosh, liitwalo Motorola 68000, lilikwenda kwa megahezi 7.8 hivi, maana yake mapigo milioni 7.8 kwa sekunde moja. Wauzaji huisifu sana kasi, na kwa katibu wa chama ndiyo sifa yenye uzito mdogo kuliko zote. Anayeingiza kilo za pamba kwa vidole viwili hawezi kuishinda hata mashine ya mwaka 1977.

Yenye uzito ni kumbukumbu, na hapa lazima vitu viwili vitenganishwe. Kumbukumbu ya muda ni kama meza ya katibu: kilichopo juu yake ndicho kinachofanyiwa kazi sasa hivi. Disketi ni kama kabati: kilichomo hukaa hata mlango ukifungwa. Zote mbili hupimwa kwa baiti. Baiti moja ni nafasi ya herufi moja au tarakimu moja, na kilobaiti moja ni baiti 1,024. Macintosh ya kwanza ilikuwa na meza ya kilobaiti 128, yaani herufi 131,072, na kabati la kilobaiti 400 katika kila disketi, yaani herufi 409,600. Palikuwa pia na kumbukumbu ya kudumu ya kilobaiti 64, yenye maagizo yaliyotiwa humo kiwandani, ambayo mtumiaji hakuweza kuandika ndani yake.

Tarakimu hizo hazisemi kitu mpaka zigeuzwe kuwa daftari. Chukuliwe chama chenye wanachama 400. Kumbukumbu za kila mmoja, yaani jina, namba ya uanachama, kitongoji na hisa, zinahitaji herufi 60 hivi. Jumla ni herufi 24,000. Kila mzigo wa pamba unaopimwa unahitaji mstari wenye tarehe, namba ya mwanachama, kilo, daraja kama ni safi au fifi, bei, namba ya stakabadhi na fedha aliyolipwa. Ikadiriwe herufi 50. Iwapo kila mwanachama analeta pamba mizani mara sita katika msimu, mistari ni 2,400 na herufi ni 120,000. Ukijumlisha na rejesta unapata herufi 144,000.

Meza ina nafasi ya 131,072. Msimu mmoja wa chama kimoja haukutoshea juu ya meza ya mashine ile. Tena si meza yote iliyokuwa wazi, kwa kuwa kioo chenyewe, chenye nukta 512 kwa upana na 342 kwa kimo, kilichukua baiti 21,888 za kumbukumbu hiyo kwa ajili ya kuchora picha yake, na programu nayo ilitaka nafasi yake. Ndiyo sababu watengenezaji walitoa mashine yenye kilobaiti 512 mnamo Septemba mwaka uleule, na nyingine ya kilobaiti 1,024, iitwayo Macintosh Plus, mwezi Januari 1986. Kwa kulinganisha, simu ya mkononi yenye gigabaiti 2 za kumbukumbu ina mara 16,384 ya kumbukumbu ya mashine ile ya kwanza.

Kabati lilikuwa na nafuu. Rejesta ya herufi 24,000 na misimu mitatu ya herufi 360,000 hufanya 384,000, ambazo huingia katika disketi moja na kuacha nafasi ndogo; msimu wa nne hauingii. Hesabu hii inaipendelea mashine, kwa maana programu huongeza alama zake yenyewe juu ya zile za katibu. Tena ndani ya kasha palikuwa na chombo kimoja tu cha kusomea disketi, na hapakuwa na diski ngumu. Mtumiaji aliyekuwa na disketi moja ya programu na nyingine ya kumbukumbu alizitoa na kuziingiza kwa zamu, mara nyingi katika kazi moja, mpaka aliponunua chombo cha pili cha kuweka nje.

Vibonye navyo visisahauliwe. Vibonye vya Macintosh ya kwanza havikuwa na mishale ya kusogeza alama kwenye kioo, wala fungu la tarakimu upande wa kulia. Fungu hilo liliuzwa peke yake. Kwa mwandishi wa barua hilo ni dogo. Kwa karani mwenye mistari 2,400 ya kilo na fedha, ni kazi ya ziada kila siku. Kwa bahati nzuri Kiswahili hakina alama juu ya herufi zake, na majina ya Kisukuma yaliandikika bila taabu.

Kuhusu umeme, karatasi ya sifa ina mstari mmoja unaoweza kuiua mashine siku ya kwanza. Macintosh iliyouzwa Marekani ilitaka volti 105 hadi 125, na umeme wa TANESCO ni wa volti 230. Mashine ya namna hiyo ikichomekwa ukutani bila transfoma ya kupunguza nguvu huungua. Matumizi yake ni madogo, wati 60 hivi, sawa na balbu moja ya zamani. Lakini umeme ukikatika, kila kilichoko juu ya meza hufutika papo hapo, na kilichobaki ni kile tu kilichokwisha kuwekwa kabatini. Betri ndogo iliyo nyuma ya mashine hulinda saa na mipango michache. Hailindi kilo za mtu yeyote. Betri hiyo ikizeeka huvuja na kula vyuma vilivyo karibu nayo, na yafaa itolewe mapema.

Mashine ile haikuwa na feni. Joto lilitoka lenyewe kwa kupanda juu kupitia matundu ya kasha. Katika ofisi nyingi za vyama, kitu chochote cha thamani hufunikwa kitambaa kilichodariziwa, na ni desturi nzuri wakati wa kiangazi vumbi linapotimka toka barabarani. Kitambaa hicho kiwekwe mashine ikiwa imezimwa na imepoa, kwani ikifunikwa inapowaka hujipika yenyewe. Na kasha lisifunguliwe na mtu asiye fundi: nyuma ya kioo cha aina hiyo mna umeme wa maelfu ya volti, ambao waweza kubaki humo hata baada ya waya kuchomolewa.

Sifa iliyo kubwa kuliko zote kwa chama cha ushirika ni ile ambayo kwa kawaida haiandikwi, nayo ni njia ya kumbukumbu kutoka nje ya mashine. Chombo cha disketi cha Macintosh ya kwanza kilibadili mwendo wa kuzungusha, taratibu zaidi kilipokuwa kikisoma ukingo wa nje wa disketi, kwa kusudi la kubana maandishi mengi zaidi. Kompyuta za aina ya IBM na zilizoiga mfano wake zilizungusha disketi kwa mwendo mmoja tu. Kwa sababu hiyo disketi hizo za inchi 3.5, zinazofanana kabisa kwa macho na disketi nyingine yoyote, hazisomeki katika vyombo vya kawaida vya kompyuta hizo, wala katika vile vinavyochomekwa kwa waya leo. Macintosh za baadaye ziliweza kuzisoma, lakini mwaka 1998 kampuni ileile ilipotoa iMac, nayo ya kipande kimoja, yenye megahezi 233, kumbukumbu ya megabaiti 32 na diski ngumu ya gigabaiti 4, iliondoa kabisa tundu la disketi. Katika muda wa miaka 14 kabati lilipoteza ufunguo wake kwa mtengenezaji mwenyewe.

Mwanachama wa Itilima au Maswa anayedai malipo ya pamba hajali mwendo wa kuzungusha disketi. Anataka kuonyeshwa mstari wenye jina lake, kilo zake na tarehe. Iwapo mstari huo umo ndani ya disketi isiyosomeka, chama hakina ushahidi wala kwake wala kwa mkaguzi wa COASCO, hata kama kila tarakimu iliingizwa kwa uaminifu. Siku hizi taarifa za vyama huingizwa katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, MUVU, kwa njia ya intaneti. Macintosh ya 1984 ilikuwa na matundu mawili ya mawasiliano nyuma yake, moja la printa na moja la modemu ya simu, na haikujengewa njia ya kujiunga na mtandao wa namna hiyo.

Kamati inayoletewa mashine kongwe, iwe hiyo au nyingine ya kipande kimoja iliyotoka karibuni zaidi, inashauriwa kuifanyia jaribio kabla ya kutia sahihi ya kupokea. Katibu aingize mistari 50 ya msimu uliopita kutoka katika stakabadhi halisi, aihifadhi, kisha waya wa umeme uchomolewe makusudi. Mashine ikiwashwa tena, mistari ihesabiwe. Baada ya hapo mistari hiyohiyo ihamishwe kwenye kompyuta nyingine na kusomwa humo mbele ya wajumbe. Mashine ikishindwa jaribio hili la pili, yafaa ikubaliwe kwa kuandikia barua na kufundishia vijana kazi ya vibonye, na daftari la wanachama libaki kwenye karatasi. Jaribio lifanyike kabla ya mwezi Mei, wakati ambapo ghala bado ni tupu na karani ana nafasi.

Kwa vyama ambavyo tayari vina kumbukumbu za miaka ya nyuma ndani ya mashine kongwe inayowaka bado, kazi isiahirishwe. Kila ukurasa uchapwe kwa printa yake maadamu printa ina utepe, ulinganishwe na stakabadhi zilizopo, utiwe sahihi na katibu pamoja na mwenyekiti, na uwekwe katika sanduku la chuma pamoja na muhtasari wa mikutano mikuu. Disketi zenyewe zitunzwe katika sanduku jingine, mbali na spika za redio, kwa kuwa sumaku ya spika huzifuta.